Kijito, Mchezo na Kichocho: Historia ya Kubadilisha Mazoea ya Afya Kisiwani Pemba

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba umejaa vilima, na baina ya vilima hivyo hupita mabonde yenye vijito na mabwawa ambamo wenyeji hulima mpunga, hufua na kukoga, na watoto hucheza. Mabonde hayo yalikifanya kisiwa kuwa ghala la chakula la majirani zake, kwani katika enzi za Wareno mchele wa Pemba ulikuwa ukivushwa kwenda kuilisha Mombasa, lakini ndiyo hayo hayo yanayomhifadhi konokono wa jamii ya Bulinus, ambaye bila ya yeye ugonjwa wa kichocho haungepata pa kuendelea. Kwa hiyo historia ya juhudi za kuondoa kichocho Pemba haikuwa historia ya dawa peke yake, bali pia ya watu waliojaribu, kwa njia mbalimbali na kwa mafanikio yasiyolingana, kubadilisha uhusiano wa Mpemba na maji yake.

Kichocho husababishwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na dalili yake inayojulikana zaidi ni mkojo wenye damu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwatambua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya Mwingereza Robert Leiper kuthibitisha, huko huko Misri mwaka 1915, kwamba vimelea hao hawana budi kupita ndani ya konokono kabla ya kumrudia binadamu. Mayai hutoka na mkojo na kuanguliwa katika maji yasiyo ya chumvi. Lava wanaozaliwa humwingia konokono, wakaongezeka humo kwa wiki kadhaa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote waliyemkuta majini, kwa muda wa dakika chache na bila ya kuacha jeraha. La kustaajabisha ni jinsi saa za mnyoo zinavyolingana na saa za mtoto. Mayai hutoka kwa wingi zaidi katika mkojo wa adhuhuri, ndiyo maana wachunguzi hupendelea kuchukua sampuli kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na lava nao humtoka konokono jua linapopanda. Wakati huo huo ndipo joto linapozidi, na mwanafunzi wa zamu ya asubuhi anapotoka skuli akiwa na jasho mwilini na kijito kikiwa njiani.

Mwaka 1986 kisiwa kilianza mpango wa kudhibiti kichocho kwa msaada wa Italia na Shirika la Afya Duniani, na miongoni mwa madaktari walioufanyia kazi alikuwemo Lorenzo Savioli, ambaye baadaye aliongoza huko Geneva idara ya shirika hilo inayoshughulikia magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Ubunifu wa mpango huo ulikuwa katika urahisi wake. Badala ya kumtaka kila mwanafunzi apimwe kwa hadubini, ilitumika karatasi nyembamba yenye kemikali, ambayo ikitumbukizwa katika kikombe cha mkojo hubadilika rangi inapokuta damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, na mtoto aliyeonekana kuwa na damu alipewa prazikwanteli, dawa inayowaua minyoo waliokomaa. Dawa hiyo, hata hivyo, haimkingi mtu na maambukizi mapya, hivyo mtoto aliyetibiwa na kurudi bondeni alikuwa katika hatari ile ile ya mwanzo. Mpango uliweza kumwondolea mgonjwa maradhi, lakini njia iliyompeleka kwenye maji ilibaki kama ilivyokuwa.

Swali la kwa nini mtu haachi jambo linalomdhuru, au hafanyi lile linalomfaa, lilikuwa limeshawashughulisha wanasaikolojia wa nchi nyingine kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilishangazwa na watu waliokataa kupigwa picha ya kifua ili kutambua kifua kikuu, ingawa huduma ilikuwa ya bure na ilisogezwa karibu nao. Godfrey Hochbaum na wenzake wakajenga nadharia iliyokuja kuitwa Kielelezo cha Imani za Afya, inayosema kwamba mtu huchukua hatua akijiona yumo hatarini, akiona hatari hiyo ni kubwa, na akiamini kwamba faida ya hatua inazidi gharama yake. Mwaka 1977 Albert Bandura aliongeza kwamba haitoshi kujua lililo jema, kwani mtu huhitaji pia kuamini kwamba ana uwezo wa kulitenda. Elimu ya kichocho Zanzibar kwa muda mrefu ilifuata zaidi fikra ya kwanza: kijitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho, ambacho athari yake katika skuli za Unguja ilichapishwa mwaka 2006, kilimweleza mwanafunzi jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Kijitabu hicho kilikuwa na nafasi yake, lakini mtoto anayejua habari za konokono, huku nyumbani kwao hakuna bomba linalotoa maji, amepewa nusu tu ya msaada.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya kufunguliwa, mwaka 2000, kwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, karibu na Chake Chake, iliyopewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitaliano aliyependekeza ijengwe. Mwaka 2011 Zanzibar ilijiunga na watafiti wa Uingereza, Uswisi na Marekani katika jaribio lililokusudia kuuondoa kabisa uambukizaji. Shehia 90, yaani maeneo madogo ya utawala, nusu yake za Pemba na nusu za Unguja, ziligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili liliongezewa uuaji wa konokono kwa kemikali iitwayo niklosamidi, na kundi la tatu, lenye shehia 15 katika kila kisiwa, liliongezewa mafunzo ya kubadilisha mazoea.

Kundi hilo la tatu ndilo linaloihusu zaidi historia hii, kwa sababu mafunzo yake hayakuandikwa ofisini na kuletwa kisiwani yakiwa tayari. Bobbie Person, mtafiti wa Kimarekani wa tabia za afya, pamoja na wenzake wa Zanzibar, walianza kwa kuwasikiliza wazazi, walimu na watoto wenyewe, kisha wakawashirikisha kubuni hatua za kuchukuliwa, kwa utaratibu unaomweka mtumiaji katikati ya ubunifu. Kilichodhihirika ni kwamba watu hawakwenda mtoni kwa ukaidi. Walikwenda kufua, kukoga, kuvua na kucheza, na kila shughuli ilikuwa na haja yake. Ndipo walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wakafundishwa, zikaadhimishwa Siku za Kichocho, vikajengwa vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia, na watoto wakahimizwa kucheza michezo ya nchi kavu.

Shauri hilo la michezo huenda likaonekana dogo, lakini linagusa kiini cha suala. Tangu Jeremy Morris alipoonyesha, mwaka 1953, kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini, sayansi ya afya imekuwa ikiwahimiza watu kuutumikisha mwili, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto wa Pemba anayeogelea na kurukia majini anatimiza pendekezo hilo bila ya kulisikia. Kumwambia aache ni kumnyang'anya zoezi lake, starehe yake na marafiki zake kwa neno moja, na mazoea ya namna hiyo hayaachwi hivi hivi; hubadilishwa kwa mengine yanayojaza nafasi ile ile. Nage na mpira vinaweza kuijaza, ingawa si rahisi kukubali kwamba mchezo wowote wa uwanjani saa saba mchana unashindana kwa haki na maji ya baridi. Kwa msichana aliyetumwa kufua, mchezo si jibu kabisa, na hapo jukwaa la kufulia lina kazi kubwa kuliko somo lolote.

Ushiriki wa walimu wa vyuo nao ulikuwa na uzito wa peke yake. Katika jamii ya Kiislamu, ambamo kustanji, yaani kujisafisha kwa maji baada ya haja, ni sehemu ya twahara, mtu aliye mbali na nyumbani huvutwa na maji yaliyo karibu. Lakini fikihi hiyo hiyo inakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na mwalimu wa chuo alipolikumbusha katazo hilo alikuwa akizungumza kwa lugha ambayo mtoto ameizoea na mzazi anaiheshimu.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maambukizi yalikuwa yamepungua mno katika makundi yote, lakini kuongeza uuaji wa konokono au mafunzo ya mazoea hakukuleta tofauti ya kitakwimu juu ya ile iliyoletwa na dawa. Kusoma matokeo hayo kuwa ni hukumu dhidi ya elimu ni haraka isiyo na sababu. Dawa inayotolewa mara mbili kwa mwaka hushusha maambukizi kwa kasi, na pale wagonjwa wanapobaki wachache huwa vigumu kuona mchango wa jambo jingine, hasa jambo linalokwenda polepole. Isitoshe, jaribio lilipima mayai katika mkojo, na mazoea yanaweza kuwa yameanza kubadilika kabla ya kipimo cha aina hiyo kuonyesha chochote. Watafiti wenyewe hawakuyatupa mafunzo, bali waliyaona kuwa ni ya kuzingatiwa katika kuufikia mwisho wa ugonjwa na kuuzuia usirudi.

Kati ya mwaka 2020 na 2024 mradi uitwao SchistoBreak uliifanyia kazi fikra hiyo katika shehia 20 za kaskazini ya Pemba. Pale maambukizi yalipokuwa bado mengi, dawa, uuaji wa konokono na elimu ya mazoea vilikwenda pamoja. Pale yalipokuwa machache hapakugawiwa dawa kwa watu wote, bali aliyeonekana na kichocho alitibiwa, kisha akaulizwa anatumia maji gani. Wahudumu wakayafuata hadi bondeni, wakawapima wanaoyatumia pamoja naye, na kuwatafuta konokono katika maji ambayo, mara nyingi, ni mtoto aliyewaonyesha.