Somo la Historia: Kuku Kuchi na Asili Yake

Leo hatutataja wafalme. Twataka kumtazama kuku aitwaye kuchi. Wengi mnamjua, hasa ninyi wa Unguja na Lamu, na ninyi wa Mwanza, Shinyanga na Tabora.

Kuchi ni mrefu wa miguu na shingo, naye husimama wima. Manyoya yake ni machache, yamebana mwilini. Mdomo wake ni mfupi na mnene. Upanga wake wa kichwani ni mdogo. Jogoo aliyekomaa hufika kilo 2 na nusu au zaidi. Hilo ndilo umbo la kuku wa kupigana: urefu humwezesha kumpiga adui kutoka juu, na upanga mdogo haumpi adui mahali pa kushika.

Sasa tazameni Japani. Huko yuko kuku wa mapigano aitwaye Shamo, mwenye umbo kama hilo. Jina lake latokana na Siam, jina la zamani la Thailand.

Je, kufanana kwa umbo ni ushahidi wa kutosha? Hapana. Wafugaji wa nchi mbili wakichagua majogoo hodari wa kupigana, maumbo yaweza kufanana bila undugu. Basi wataalamu walipima damu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 juu ya aina tano za kuku wa Tanzania, kuchi akiwamo, yalionyesha koo mbili kubwa za upande wa mama, zenye asili Kusini Mashariki ya Asia na Bara Hindi. Hayo yapatana na habari za majahazi yaliyovuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi.

Mtetea wa kuchi hutaga mayai machache, kwa hiyo wengi humchanganya na kuku wengine. Faida ipo. Lakini kuchi halisi wakiisha, tutapoteza mbegu njema ya nyama, na pamoja nayo shahidi wa safari za kale. Yafaa wafugaji wachache watenge kuchi wasiochanganywa, wabadilishane majogoo ili ndugu wasizaane.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu: ni nani kijijini ana kuchi, na mbegu yake aliipata wapi? Waulizeni wazee, mwandike majibu yao.