Wahindu wa Mombasa: Bahari, Reli na Imani

Reli inayopita Changamwe, jirani na hapa Magongo, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi: Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Karibu 2,500 walifia kazini, na wapatao 6,700 wakabaki Afrika Mashariki. Hata hivyo wafanyabiashara wa Kihindu, Mabaniani, walikuwa wameizoea pwani hii karne nyingi kabla yao.

Safari ya baharini iliwagusa Wahindu hao kwenye imani. Kwa Wahindu wengi wa matabaka ya juu, kuvuka bahari kulikuwa unajisi. Aliyerudi kwao aliweza kutakiwa ajitakase kwanza ndipo ale na jamaa zake. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wafanyabiashara wa zamani wawaache wake zao Kachi na Gujarati. Lakini tabaka halikuzama baharini. Walohana, Wapatel na wengineo walijenga kumbi zao, kila jamii kivyake, na kuoa nje ya jamii kuliwaletea vijana mzozo mzito nyumbani.

Majirani nao waliwatilia shaka. Methali ya “Baniani mbaya, kiatu chake dawa” ingali midomoni mwa watu, nayo inaumiza.

Imani yao hata hivyo imedumu: wakati wa sikukuu ya Diwali taa huwashwa kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Sheria ya Kenya huwapa Wahindu mapumziko siku hiyo, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa yao. Julai 2017, serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44.