Pacha wa Pili

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu Rungwa, kwenye barabara itokayo Itigi kwenda Chunya. Masika yale mke wangu alijifungua pacha. Mkunga alikuwa ameweka pembe yake ya mbao tumboni mara nyingi, akasikia moyo mmoja. Wa pili alikuwa amelala nyuma ya mwenzake. Alitoka tukiwa tumekwisha kushangilia, wala hakulia. Simlaumu mkunga. Pembe ile, aliyoibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, humleta sikioni aliye karibu.

Na sauti ya kumtafuta aliye nyuma ilikuwapo duniani. Mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Nazo zikipewa umeme hutetema. Paul Langevin akazitumia mwaka 1917 kutafuta nyambizi. Mwaka 1958 daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake wakachapisha picha za mtoto tumboni. Lakini fuwele yao moja ilibidi kusogezwa kwa mkono, na ililenga kina kimoja tu.

Mwaka 1968 Jan Somer wa Utrecht, Uholanzi, alipanga fuwele ndogo safu moja, akaugeuza mwelekeo wa sauti kwa kuzichelewesha baadhi, bila kusogeza chochote. Kwa hila hiyohiyo sauti hukusanywa mahali pamoja.

Chuoni niliwapanga wanachuo mstari mmoja uwanjani, mimi nikasimama mita 12 mbele ya yule wa katikati. Wa pembeni, aliye mita 5 kutoka kwake, yuko mita 13 kutoka kwangu. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Basi ili makofi yanifikie pamoja, wa pembeni sharti apige sehemu 3 za elfu za sekunde mapema. Hawakuweza, tulicheka sana. Umeme huweza. Mwilini sauti hukimbia mita 1,540 kwa sekunde, na kulenga kina cha sentimita 5 kwa safu ya sentimita 2, fuwele za pembeni hutangulia kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Badili muda huo, sauti itakutana mbele zaidi, nyuma ya mtoto wa kwanza.

Mke wangu huniuliza mashine hiyo mwaka ule ilikuwa wapi. Humjibu: Utrecht, tangu miaka 11 nyuma.