Sheka wa Walikale: Namna kiongozi wa Mai-Mai alifikishwa mbele ya sheria

Katika teritware ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, jina la Sheka bado linawatia watu uoga. Ntabo Ntaberi Sheka alizaliwa 1976. Kabla ya kushika bunduki alikuwa mfanyabiashara wa madini. Mwaka 2009 aliunda kundi lake, NDC, ambalo watu walilizoea kwa jina la Mai-Mai Sheka. Alisema anapigania haki za watu wa kwao na utajiri wa ardhi yao. Lakini ni watu wa palepale Walikale ndio walilipa bei.

Siku nne kwenye barabara ya Kibua–Mpofi

Tarehe 30 mwezi wa saba 2010, wapiganaji karibu 200 waliingia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara ya Kibua–Mpofi. Walikuwa watu wa Sheka, wa FDLR, na wanajeshi watoro wa kanali Emmanuel Nsengiyumva. Walifunga barabara, wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba. Hali hiyo iliendelea mpaka tarehe 2 mwezi wa nane, katika vijiji 13.

Uchunguzi wa kwanza wa Umoja wa Mataifa ulihesabu wahanga 303 wa ubakaji: wanawake 235, wasichana 52, wanaume 13 na wavulana 3. Uchunguzi uliofuata ulifikisha hesabu kwa watu 387. Nyumba na maduka zaidi ya 900 viliporwa, na watu 116 walichukuliwa kwa nguvu wabebe mizigo ya wizi.

Kambi ya MONUSCO ilikuwa Kibua, kilomita karibu 30 kutoka Luvungi, lakini vijiji havikuwa na mtandao wa simu na habari ilichelewa kufika. Mwezi wa tisa ule mwaka, kiongozi mmoja mkubwa wa Umoja wa Mataifa alikubali mbele ya Baraza la Usalama kwamba kazi yao ya kulinda raia haikutosha.

Miaka saba ya kutembea huru

Mwezi wa kumi 2010 alikamatwa Mayele, mmoja wa makomanda wa Sheka. Alifia gerezani 2012, kabla kesi haijafika mwisho. Kwa Sheka mwenyewe, hati ya kumkamata ilitoka mwanzo wa 2011. Hata hivyo mwaka uleule alisimama kwenye uchaguzi wa wabunge, akitafuta kura Walikale. Mwezi wa kumi na moja 2011 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo, lakini porini kundi liliendelea kuua, kupora na kuingiza watoto jeshini.

Kilichompunguzia nguvu ni mgawanyiko wa ndani. Naibu wake, Guidon, alijitenga na kuunda NDC-Rénové, wakaanza kupigana wao kwa wao. Tarehe 26 mwezi wa saba 2017 Sheka alijitoa mikononi mwa MONUSCO, na siku chache baadaye akakabidhiwa serikali ya Kongo.

Hukumu ya Goma

Kesi ilifunguliwa Goma tarehe 27 mwezi wa kumi na moja 2018, mbele ya mahakama ya kijeshi. Ilichukua miaka miwili. Mahakama ilipokea ushuhuda wa wahanga 178. Kwa mtu ambaye jirani yake bado ana bunduki, kusema tu ni hatari.

Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2020 Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha. Alipatikana na makosa ya kivita, ndani yake mauaji, ubakaji, utumwa wa ngono, uporaji na kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 jeshini. Mwenzake wa FDLR, Séraphin Lionso, alipata pia kifungo cha maisha.

Jambo la kushika hapa ni hili: mkubwa hawezi kujificha nyuma ya maneno "si mimi niliyefanya kwa mikono yangu". Kama aliamuru, ao alijua watu wake wanafanya nini na hakuwazuia wala kuwaadhibu, sheria inamfikia. Tena makosa ya kivita hayaozi. Hata miaka 30 ikipita, mashtaka yanaweza kufunguliwa.

Kinachobaki

Hukumu haijengi nyumba iliyochomwa, wala haiponyeshi mama aliyekimbiwa na bwana yake juu ya yale aliyotendewa. Sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2022 iliunda mfuko wa serikali wa malipo kwa wahanga, FONAREV. Wengi vijijini wanaendelea kungojea.

Kwa yeyote aliyebakwa, mwanamke ao mwanaume, saa 72 za kwanza ni za maana sana. Afike haraka kwenye kituo cha afya apewe dawa za kuzuia Ukimwi na mimba. Asingoje kwanza polisi ao karatasi yoyote, matibabu ndiyo ya mbele. Akiweza, asioge na asifue nguo kabla daktari hajamwona. Cheti cha daktari kichungwe vizuri. Na kama saa hizo zimepita, aende tu: bado kuna msaada. Yeye hana kosa. Aliyebaka ndiye mwenye kosa.