Sauti ya Serikali, Lugha ya Jirani: Leonard Mambo Mbotela na Utangazaji wa Kiswahili Nchini Kenya

Utangazaji wa Kiswahili nchini Kenya ulikua chini ya kivuli cha dola, kwa kuwa mnamo 1964 Shirika la Utangazaji la Kenya, lililoundwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, lilivunjwa na mitambo yake ikawekwa chini ya wizara ya habari kwa jina la Sauti ya Kenya, au VoK kama ilivyozoeleka kuitwa. Tangu hapo hadi katikati ya miaka ya 1990 msikilizaji hakuwa na kituo kingine cha redio cha nchini cha kufungulia, na aliyetaka kusikia neno tofauti ilimbidi atafute masafa mafupi, yaani mawimbi yanayosafiri mbali, ili aipate idhaa ya London au ya nchi jirani. Leonard Mambo Mbotela aliingia VoK mwaka huohuo wa 1964, na kazi yake inaonyesha jinsi sauti iliyokuwa mali ya serikali ilivyoweza kuaminiwa na raia kwa sababu ambazo serikali yenyewe haikuziweka.

Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940 katika jamii ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mnamo 1875 huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya mateka waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Kijiji hicho kilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza ambaye safari yake ya Unguja ilitangulia mkataba wa 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Wazee wa ukoo wa Mbotela walikuwa miongoni mwa waliookolewa, na James Mbotela, wa ukoo huohuo, aliisimulia habari hiyo katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki, lakini hakuna anayeandika historia ya nathari ya Kiswahili, yaani maandishi yasiyo ya kishairi, anayeweza kukiruka. Watoto wa Freretown walikulia katika Kiswahili cha pwani, ilhali dini na shule zao zilikuwa za misheni, na machoni pa waungwana wa mji, tabaka la wenyeji waliojivunia nasaba isiyoguswa na utumwa, hadhi yao ilibaki chini. Kwamba aliyekuja kuliuliza taifa zima juu ya uungwana alitoka katika jamii hiyo ni jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka mno.

Kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966, kikadumu kwa zaidi ya nusu karne, na baadaye kikaonekana pia kwenye televisheni. Muundo wake ulikuwa mwepesi: mtangazaji alichukua kisa cha maisha ya kila siku, kama vile mgeni anayejikaribisha jikoni na kufunua sufuria, au abiria anayezungumza kwa kelele bila kujali aliyeketi kando yake, akakieleza kwa utulivu bila kumtaja mtu, kisha akamwachia msikilizaji swali lililokuwa jina la kipindi. Adabu iliyokuwa ikifundishwa barazani, mahali ambapo kila mmoja alimjua mwenzake, ilihitaji mwalimu mwingine katika mitaa ya Nairobi, ambako wapangaji kutoka kila pembe ya nchi walitumia bomba moja la maji na kushindwa hata kuafikiana namna ya kuamkiana. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wapangaji hao, nacho cha Mbotela, fasaha bila kujikweza, kilisikika kama cha jirani aliyewazidi umri kidogo.

Alitangaza pia taarifa za habari na kandanda, na akatumikia Kitengo cha Habari cha Rais, kikundi cha wanahabari waliofuatana na kiongozi wa nchi katika ziara zake. Hata hivyo, uzito wa sauti yake ulipimwa hasa tarehe 1 Agosti 1982, siku ya Jumapili, pale askari wa jeshi la anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Walimchukua Mbotela nyumbani kwake Ngara alfajiri, wakamfikisha studio chini ya mtutu wa bunduki, na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Waasi walikuwa tayari wameishika mitambo na yeyote kati yao angeweza kusema mbele ya kipaza sauti, lakini walifahamu kwamba tangazo la mgeni lingezua shaka, wakati lile la sauti iliyozoeleka lingekubaliwa kabla ya kuhojiwa. Upande wa pili ulifikiri vivyo hivyo, kwani baada ya wanajeshi watiifu chini ya Mahmoud Mohamed kukikomboa kituo, ni Mbotela huyohuyo aliyewaarifu wananchi kwamba Rais Moi angali madarakani.

VoK ilirejeshewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, au KBC kwa kifupi, mwaka 1989, na katika muongo uliofuata vituo vya binafsi viliingia hewani na kuwapa wasikilizaji nafasi ya kupiga simu na kumkosoa yeyote, wanasiasa wakiwemo. Kipindi cha Mbotela kilisalia KBC na kuendelea hata baada ya kustaafu kwake rasmi, naye akafariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Ubora wa kipindi hicho haufuti mpaka wake: swali lilimwelekea mgeni, mpangaji, abiria na jirani, kwa sababu kituo kilichopokea amri kutoka wizarani hakikuwa mahali pa kumwuliza waziri kama alilolitenda lilikuwa la kiungwana.