Daftari la Masaa: Jina la Programu ya Kuandika Kazi

Daftari la masaa ni kumbukumbu inayoonyesha mfanyakazi aliingia kazini lini, alitoka lini na alitumikia masaa mangapi. Kwenye karatasi huwa kitabu chenye mistari kinachoshikwa na karani au nyapara. Kwenye kompyuta huwa jedwali la majina, tarehe na saa, pamoja na hesabu inayojumlisha yote mwisho wa wiki au mwezi. Programu huria za ofisi kama LibreOffice hazina sehemu maalumu iliyojengwa kwa kazi hiyo. Anayeihitaji huiunda mwenyewe juu ya Calc, sehemu yake ya majedwali, au juu ya Base, sehemu yake ya hifadhidata, ikiwa wafanyakazi ni wengi na kumbukumbu zao zinapaswa kudumu miaka. Mashamba ya mahindi ya mbegu yanayozunguka Kitale na mashamba ya miwa ya Bungoma yanakihitaji chombo hicho sana, kwa sababu watu wao wengi ni vibarua na hesabu yao hubadilika kila siku.

Tafsiri iliyoenea kwa jina la programu za aina hii ni "ufuatiliaji wa muda". Ni tafsiri mbovu, na ubovu wake unaanzia kwenye kitenzi. Kufuata, kufuatia, kufuatilia: mzizi ni mmoja, na kila kiambishi kinachoongezwa kinamwongezea bidii anayefuata. Polisi humfuatilia mshukiwa, na mwenye duka hulifuatilia deni lake. Kinachofuatiliwa kimetoroka au kinashukiwa kutaka kutoroka. Kibarua aliyefika shambani Kiminini saa moja asubuhi akiwa na jembe lake hajatoroka popote. Kuliweka neno hilo juu ya ukurasa wa mshahara wake ni kumfanya mshukiwa kabla hajaanza kazi. Nomino nayo haifai. Muda umetoka kwa Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kunyoosha na kurefusha. Ni wakati ulionyooshwa, usiokuwa na kipimo: watu husema "kwa muda mrefu" na "muda si muda" bila kutaja hesabu yoyote. Mshahara unataka hesabu.

Tafsiri ya pili, "laha muda", inabeba udhaifu huohuo wa muda na kuuongezea mwingine. Ni zao la mtindo ambao kamati za istilahi zimeuzoea mno: neno la kigeni linakatwa vipande viwili, kila kipande kinapewa neno la Kiswahili, kisha maneno hayo yanagandishwa bila kihusishi, wala hakuna aliyekwenda kumsikiliza anayeifanya kazi yenyewe. Kasoro ya laha hujitokeza hasa ndani ya programu. Laha ni ya ngeli ya i-/zi-, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Tafsiri za programu huria hutunzwa katika faili zenye jozi za sentensi, ya asili na ya Kiswahili. Sentensi yenye idadi huandikwa kwa maumbo mawili, moja la kitu kimoja na jingine la vitu vingi. Palipo na laha, tofauti yote inabebwa na silabi moja ya kitenzi: "laha imefungwa", "laha zimefungwa". Palipo na daftari, nomino nayo inashuhudia: "Daftari 1 limefungwa", "Madaftari 12 yamefungwa". Karani anayesoma kioo cha kompyuta kwa haraka siku ya mshahara anahitaji ushahidi huo wa ziada. Jina likishachaguliwa, ngeli yake inaingia katika kila ujumbe wa programu, kwa hiyo anayechelewa kulichagua atazirudia sentensi zote.

Daftari ni neno lililosafiri sana. Lilikuja kwa Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako lilifika kupitia Kiajemi, na nyuma yake kuna neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi iliyotayarishwa kuandikiwa. Limehama kutoka ngozi hadi karatasi bila kupoteza maana, na hakuna sababu ya kulizuia lisifike kwenye kompyuta. Tanzania ina Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo limo ndani ya kompyuta, na hakuna mpiga kura aliyelalamika kwamba jina limepitwa na wakati. Wenye maduka wa Webuye na Kimilili wanalo daftari la madeni. Neno linajulikana na mwenye shahada na asiyewahi kukaa darasani, nayo ni sifa ambayo istilahi mpya hukaa miaka mingi zikiitafuta.

Kitenzi kinachoandamana nalo ni kuandika, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao watafsiri wameupita bila kuutazama. Kumwandika mtu kazi ni kumwajiri. "Ameandikwa" bila neno jingine humaanisha amepata kazi, kwa sababu jina lake limeingia kitabuni. Kibarua nalo ni neno la maandishi: ni barua iliyopewa kiambishi cha udogo, yaani kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. Jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika, kisha kwa kazi yenyewe, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza desturi hiyo. Kazi ya kulipwa kwa siku, katika Kiswahili, imefungamana na maandishi tangu zamani. Aliyetafuta jina la programu hii katika kamusi ya Kiingereza alikuwa amelipa kisogo ghala lililojaa.

Wapo wanaopendekeza "kipande cha saa", kwa hoja kwamba kipande ni neno la kazi lenye historia. Historia hiyo ndiyo inayolikataza. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika nchini Kenya ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande kilichotolewa chini ya sheria hiyo kilibeba alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, na kilitiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri alipaswa kutia saini kabla mtu hajaondoka, na aliyeondoka bila saini alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na familia nyingi za Kibukusu zilivuka kutoka upande wa Bungoma kwenda kuishi na kufanya kazi katika mashamba hayo. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota, yaani wakazi wa namna hiyo katika mashamba ya walowezi, watumikie siku 180 kwa mwaka. Neno lililowaning'inia wazee hao shingoni halifai kurudishwa leo kama jina la kitufe. Hata kama jeraha hilo lingesahauliwa, maana ya sasa inatosha kulikataa: kazi ya kipande ni ile inayolipwa kwa kiasi kilichomalizika, na mkataji miwa anayelipwa kwa tani hapimwi kwa saa.

Inabaki nusu ya pili ya jina, masaa, ambayo ndiyo inayoleta ugomvi. Walimu wa Kiswahili huipiga mstari kwa wino mwekundu. Wanasema saa ni ya ngeli ya i-/zi-, wingi wake ni saa, na masaa ni lugha ya mitaani. Kanuni yao haijapimwa kazini. Mlinzi wa ghala huko Bungoma anaingia jioni jua linapozama na kutoka asubuhi linapochomoza. Kwa kanuni hiyo, mstari wake katika daftari utasomeka hivi: ameingia saa kumi na mbili, ametoka saa kumi na mbili, amefanya kazi saa kumi na mbili. Mambo matatu tofauti yamepewa jina moja. Mlinzi mwenyewe hasemi hivyo. Husema ameingia saa kumi na mbili jioni, ametoka saa kumi na mbili asubuhi, na amefanya masaa kumi na mawili. Saa ni mahali kwenye mzunguko wa siku, masaa ni kiasi. Wasemaji wameigawa kazi kati ya maumbo mawili, na mgawanyo huo unasikika katika kila soko kuanzia Kitale hadi Chwele. Kazi yenyewe ndiyo iliyowafundisha.

Si jambo geni katika lugha. Ngeli ya ya- ndiyo makao ya vitu vinavyopimwa kwa wingi wao, kama maji, mafuta na maziwa. Siku ina wingi wake wa kawaida usiobadilika, lakini masiku nayo yanasemwa, na hakuna anayedhani lugha imeharibika. Wanaolikataa neno masaa hawajatoa badala yake. Wengine hukimbilia "muda wa saa nane", maneno manne yasiyoenea katika safu ya jedwali. Wengine huandika "saa 8" tu, kama inavyoandikwa katika data ya lugha ya Unicode inayotumiwa na simu na kompyuta kwa Kiswahili. Msomaji wa Kenya akiona "saa 8" anaelewa mara moja kwamba ni mchana, baada ya chakula. Akiambiwa hiyo ndiyo hesabu ya kazi yake, ana haki ya kuuliza nani ameandika. Usanifu unaomnyima kibarua uwezo wa kuusoma mshahara wake haujatimiza kazi ya usanifu.

Tofauti hiyohiyo inatawala hesabu ndani ya Calc. Programu huhesabu siku nzima kuwa 1, kwa hiyo saa sita mchana ni 0.5. Kutoa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka kunatosha kwa kibarua wa mchana: 16:00 ukitoa 7:00 ni masaa tisa, na akipunguziwa saa moja ya chakula yanabaki manane. Kwa mlinzi, 6:00 ukitoa 18:00 ni hasi. Dawa yake ni fomula =MOD(C2-B2;1), inayorudisha jibu ndani ya siku moja na kutoa 12:00. Hatari kubwa zaidi iko kwenye jumla. Seli yenye muundo wa HH:MM huonyesha saa ya ukutani, na ikifika 24 huanza tena sifuri. Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zinaweka wiki ya kawaida kuwa masaa 52 katika siku sita. Katika seli ya namna hiyo, masaa 52 huonekana kama 04:00. Kibarua aliyemaliza wiki nzima anaonyeshwa asubuhi moja. Seli ya jumla lazima ipewe muundo wa [HH]:MM, wenye mabano, ndipo 52:00 itokee. Kwa maneno mengine, programu yenyewe ina muundo mmoja wa saa na mwingine wa masaa, na fundi asiyetofautisha majina hayo mawili ndiye anayesahau mabano.

Kuna jaribu jingine, la kuihamisha hesabu yote kwa masaa sita ili 7:00 iandikwe 1:00 kwa desturi ya Kiswahili. Lisifuatwe. Watu wa Kitale huandika 7:00 na kusoma saa moja tangu shuleni, na data iliyohamishwa haitapatana na benki wala ofisi ya kodi.

Umuhimu wa daftari hili kisheria ni mkubwa kuliko ukubwa wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi utaje saa za kazi (kifungu cha 10), inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba (kifungu cha 27), na inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu (kifungu cha 74). Kifungu cha 37 kinamgusa kibarua moja kwa moja: akitumikia mfululizo siku za kazi zisizopungua mwezi mmoja, hahesabiwi tena mtu wa kutwa. Bila daftari, siku hizo zinabaki mdomoni mwake. Mahindi ya mbegu hayangoji Jumatatu. Mbelewele za mimea ya kike hung'olewa kabla hazijatoa chavua, Jumapili ikiwemo, na kazi ya siku ya mapumziko hulipwa maradufu. Safu ya aina ya siku kwa hiyo ni ya lazima. Penye mashine za alama za vidole, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka alama hizo katika data nyeti, nayo saa ya kuingia na ya kutoka yaweza kuandikwa bila kidole cha mtu.

Uhuru wa kulirekebisha jina upo tayari. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, na kuanzia hapo watu wa kawaida waliona kwamba programu kamili ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, imerithi milango iliyo wazi: sentensi mbovu inaweza kubadilishwa na yeyote mwenye sentensi bora, bila kusubiri kikao.

Katika matumizi, kichwa cha dirisha ni "Daftari la masaa". Vitufe ni "Andika saa ya kuingia" na "Andika saa ya kutoka". Safu za hesabu ni "Masaa ya siku", "Jumla ya masaa" na "Ovataimu", neno ambalo kila mfanyakazi analo na halihitaji mbadala. Kufunga mwezi ni "Funga daftari". Wanaolipwa kwa tani za miwa au kwa mistari iliyopaliliwa huwekwa katika jedwali la pembeni, "Daftari la kazi iliyomalizika", lenye safu ya tarehe na aina ya siku kama lile la kwanza.