Bati Lililomo Ndani ya Kioo

Mto Malaba ndio unaoitenga Wilaya ya Tororo, Uganda, na Kaunti ya Busia, Kenya. Kusini yake, kwenye barabara itokayo Kisumu, upo mji wa Busia, wenye jina moja katika nchi mbili. Kwa forodha hizi mbili, Malaba na Busia, hupita sehemu kubwa ya shehena itokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo ya Mashariki. Na kwa njia hiyo hiyo huteremka malighafi za bara kwenda pwani. Miongoni mwa vitu vinavyopanda ni simu, televisheni na paneli za umeme wa jua. Mwaka 2017 paneli zaidi ya 32,000 zilianza kuzalisha umeme karibu na mji wa Tororo, katika kituo cha megawati 10, cha pili cha ukubwa huo nchini Uganda baada ya kile cha Soroti kilichozinduliwa Desemba 2016. Miongoni mwa vitu vinavyoteremka ni mchanga mweusi, mzito ajabu, uliotiwa katika viroba. Historia inayouunganisha mchanga huo na vioo vile inawahusu moja kwa moja watu wanaovaa sare, kwa maana wamekuwa walinzi wake na, mahali pengine, wanyang'anyi wake.

Kioo cha kawaida hupitisha mwanga lakini hakipitishi umeme. Shaba hupitisha umeme lakini huzuia mwanga. Mwaka 1907 Mjerumani Karl Baedeker alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya kadimiamu waweza kuvipitisha vyote viwili. Matumizi makubwa yalikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na haja ilitoka jeshini. Marubani waliorusha ndege juu sana walizibwa macho na barafu iliyoganda kwenye kioo cha mbele. Kioo kikapakwa oksidi ya bati, umeme ukapitishwa, kioo kikapata joto, barafu ikayeyuka, na rubani akaona njia. Baada ya vita ukapatikana mchanganyiko bora zaidi, wenye takriban sehemu tisa za oksidi ya indiamu na sehemu moja ya oksidi ya bati. Unene wa utando huo ni kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nao umo katika vioo vya simu na televisheni dunia nzima. Katika paneli za jua mambo hutofautiana. Zile za utando mwembamba hutumia kioo kilichopakwa oksidi ya bati. Zile za kawaida za silikoni hukusanya umeme kwa nyuzi za fedha, lakini hata hizo huungwa kwa lehemu yenye bati.

Hapa lugha yaweza kumpotosha msikilizaji. Bati la kuezekea nyumba si bati hasa, bali ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni ile metali laini, nyeupe, itokanayo na kasiterite, yaani ule mchanga mweusi. Na zinki nayo imo katika habari hii, kwa sababu indiamu haichimbwi peke yake. Aghalabu hupatikana katika masalio ya kusafisha zinki. Iligunduliwa mwaka 1863 mjini Freiberg, Ujerumani, na Ferdinand Reich na Theodor Richter. Reich hakuweza kutofautisha rangi, hivyo Richter ndiye aliyeuona mstari wa rangi ya nili ulioipa metali hiyo jina lake.

Indiamu mpya inayozalishwa duniani kote ni kama tani elfu moja tu kwa mwaka, na soko dogo namna hiyo ni rahisi kuchezewa. Bei iliyokuwa chini ya dola 100 kwa kilo mwaka 2002 ilifika karibu dola 1,000 mwaka 2005, televisheni bapa zilipoenea. Baadaye soko la Fanya la mjini Kunming, China, lilirundika ghalani tani zipatazo 3,600 kwa fedha za wananchi walioahidiwa faida kubwa. Likaanguka mwaka 2015, bei ikaporomoka, na mwaka 2019 mkuu wake akahukumiwa kifungo. Hayo yalikuwa ya China na yalimalizwa na polisi na mahakama. Anguko la bati halikumalizwa na mahakama yoyote, nalo liliigusa Afrika ya Mashariki kwa damu.

Tarehe 24 Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililoundwa na mataifa ili kuishikilia bei, liliishiwa fedha. Soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikashuka karibu nusu. Huko Zaire, kampuni ya SOMINKI, iliyokuwa imeunganisha migodi ya Kivu mwaka 1976, haikuweza tena kujikimu. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na watu waliokuwa wakilipwa mishahara wakabaki na sururu na karai, wakichimba kwa mkono na kumwuzia yeyote aliyefika. Vita vilipozuka mwaka 1996, na tena mwaka 1998, aliyefika mara nyingi alikuwa na bunduki.

Kisha bei ikapanda upya. Viwanda vya elektroniki vilianza kuacha lehemu ya risasi, ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia katika vyombo vingi kuanzia Julai 2006, na badala yake vikatumia lehemu ambayo karibu yote ni bati. Wakati huo huo mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, ulikuwa ukitoa sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini. Wapagazi waliibeba porini kwa miguu hadi barabarani, na ndege ndogo zikatua juu ya lami huko Kilambo kuichukua kwenda Goma. Hadi mwaka 2009 mgodi huo ulikuwa mikononi mwa Brigedi ya 85 ya jeshi la serikali lenyewe. Askari waliotumwa kulinda raia waliwatoza wachimbaji kodi, na maofisa wao walikuwa na sehemu katika mashimo. Jeshi likigeuka mchuuzi huacha kuwa jeshi, kwa sababu amri hupokewa kutoka kwa mnunuzi.

Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaseme asili ya bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu yanayotumia. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, akaufungulia Machi 2011. Desemba 2010 wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, zikiwemo Kenya na Uganda, walikubaliana mjini Lusaka kwamba madini hayo yawe na vyeti. Tangu hapo kiroba halali cha kasiterite hufungwa lebo yenye namba mgodini, na nyingine kwa mnunuzi. Lebo hizo nazo zimewahi kuuzwa kimagendo, kama walivyoripoti wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo kazi haikuisha Lusaka. Ilihamia kwa mtu anayefungua turubai la gari mpakani. Mtu huyo hana haja ya maabara ili kushuku. Kasiterite ina uzito wa kiasi cha mara saba ya maji, hivyo kiroba kidogo kinachomshinda mtu mmoja kukiinua hakiwezi kuwa kahawa, hata karatasi zikisema ni kahawa.

Ikumbukwe kwamba mpaka huu haukuwa daima mahali pa karatasi. Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi pale Busia kwa siku kadhaa, watu wakafa, na mpaka ukafungwa. Miaka thelathini baadaye, Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua hapo hapo kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukagua shehena mara moja, upande mmoja. Kwa mfanyabiashara hiyo ni nafuu ya saa nyingi. Kwa askari maana yake ni kwamba asipouliza yeye, hakuna wa kuuliza upande wa pili.

Bisie imekuwa na mgodi mkubwa wa kisasa tangu mwaka 2019, nao ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, kiasi cha asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 wapiganaji wa M23 walipokaribia, kampuni iliwaondoa wafanyakazi. Mji wa Walikale ukatekwa, na bei ya bati ikapanda London. Wapiganaji hao waliondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukaanza kazi tena mwezi huo huo.